Sekunde Tatu za Rili ya Arobaini na Moja

Treni ilikuwa imeshaanza kuondoka.

Dorkasi Ulimboka alikuwa hatua thelathini nyuma yake, viatu mkononi, anakanyaga kokoto za reli kwa soksi. Saa mbili na nusu asubuhi, stesheni ya Dodoma. Watu walikuwa bado wanapunga leso. Behewa la pili kutoka mwisho lilikuwa la mizigo, la bati, na mlango wake wa kusukuma ulikuwa wazi kiasi cha mtu mwembamba kujipenyeza.

Hatua ishirini.

Kumi.

Redio ya Motorola ikakoroma kiunoni.

"Mnara kwa Sita. Uko wapi?"

"Naikimbilia."

"Usiikimbilie. Ipande."

Alirusha viatu ndani, akadaka chuma cha mlango, akajirusha na yeye. Goti liligonga ubao. Akalala kifudifudi, akavuta pumzi, na pua yake ikakutana na harufu ya siki.

Akatabasamu. Filamu za zamani zikizeeka hunuka siki.

"Mnara, nipo ndani. Mzigo upo."

"Anasaini saa tisa kamili alasiri. Una saa sita na nusu."

"Nimekupata."

Hapakuwa na salamu. Katika kazi yao ya usalama, hewani hawasalimiani. Mwanzoni jambo hilo lilimkwaza Dorkasi, mtu aliyelelewa kumwamkia hata mlinzi wa geti, na bosi wake Geofrey ni mtu mzima wa miaka hamsini na tano. Lakini utaratibu ndio huo. Ukimsikia mwenzako anakupa shikamoo hewani au kwenye simu, ujue kuna anayesikiliza, na kila atakachosema baada ya hapo ukigeuze.

Alikuwa anainuka mlango uliposukumwa nyuma yake.

Komeo likaanguka. Ngaa!

Kulikuwa na mtu amening'inia kwenye ngazi ya nje muda wote ule.

"Karibu dada," sauti ilisema kupitia bati. "Kiti hakuna, lakini nauli umesamehewa."

Giza. Mistari ya jua ilipenya kwenye matundu ya misumari. Dorkasi alichomoa bastola yake ya Makarov, akaegemeza mgongo kwenye sanduku.

"Iweke chini hiyo," ilisema sauti nyingine, ya pili, ya utulivu.

Ilitokea kwenye tundu la hewa la ukuta wa nyuma, upande wa behewa la gadi. Tundu lenyewe lilikuwa na ukubwa wa tofali. Kupitia hapo ulichungulia mdomo wa bastola ya Browning, na haukumwelekea yeye. Ulimwelekea mzee aliyefungwa kamba chini ya tundu hilo, amekumbatia kopo la Blue Band kifuani kama mtoto.

"Pitisha bastola hapa, Bibi Ulimboka. La sivyo huyu babu anatangulia."

Kiswahili safi. Kiswahili cha mtu aliyejifunza zamani kwa sababu maalumu.

Dorkasi akaipitisha.

"Asante. Ukipiga kelele kwenye stesheni yoyote, mzee anakufa. Ukinyamaza, tutaongea Bahi."

Huyo alikuwa Colin Raine.

Mwaka ulikuwa 1993, enzi za ruksa, kila biashara ikiruhusiwa, na Dodoma ilikuwa imejaa wageni wenye mikoba. Raine alikuja kama mwekezaji wa mitambo ya simu. Alitaka kufunga simu mpya katika ofisi zote za serikali, na baadhi alikwishazifunga kwa majaribio, bure. Watu walimsifu. Leo saa tisa angetia saini mkataba mzima.

Siku tatu nyuma, Dorkasi alikuwa anakunywa chai barazani kwenye hoteli moja ya mjini. Raine alipita. Upepo wa Dodoma haumheshimu mtu, ukazifumua nywele zake ndefu, na sikio la kushoto likaonekana. Lilikuwa na pengo la pembe tatu, kama la mbuzi aliyetiwa alama.

Kikombe kilimtoka Dorkasi mkononi.

Sikio lile alilijua tangu ana miaka kumi. Baba yake, Mwalimu Ulimboka, mtu wa Tukuyu, alikuwa haoni na alifundisha shule ya wasioona ya Buigiri. Gari la sinema la serikali likifika kijijini, mwalimu alikuwa wa kwanza kubeba kigoda. Watu walicheka: kipofu anakwenda kuona nini? Lakini Dorkasi alikaa miguuni pake na kumsimulia kila kitu kilichopita kwenye shuka jeupe. Nyuma yao walijipanga wanafunzi wa baba yake, masikio wazi. Ukikosea, walikukosoa. Ukiruka, walilalamika. Ndivyo alivyojifunza kutazama. Na ndivyo alivyoanza kuipenda sinema ya zamani, mapenzi ambayo hayakumtoka hata mabanda ya video yalipojaa kila mtaa.

Moja ya filamu hizo ilionyesha uzinduzi wa kisima cha maji, 1976, kijiji kimoja ng'ambo ya Zuzu. Katikati ya ngoma, upepo unamvua kofia mzungu mmoja, naye anageuka uso mzima.

"Baba," Dorkasi alisema usiku ule, "huyu mzungu ana sikio kama la mbuzi wetu."

Uwanja mzima uliangua kicheko.

Mzungu yule aliitwa Holm, mtaalamu wa visima. Siku mbili baada ya uzinduzi, zahanati ya wapigania uhuru milimani ililipuliwa. Watu kumi na wanne. Holm hakuonekana tena, na hakuna picha yake nyingine iliyopatikana duniani.

"Kumbukumbu ya mtoto wa miaka kumi hainisaidii," Geofrey alimwambia. "Niletee filamu."

Dorkasi akafanya kosa. Alipiga simu ofisini kwa Geofrey kuuliza filamu ile imehifadhiwa wapi. Akapiga kwenye simu mpya, ya majaribio, iliyofungwa na Raine.

Kesho yake Raine alinunua ghala zima la filamu chakavu, kwa karatasi halali, eti zikachujwe madini ya fedha huko ng'ambo ya ziwa. Enzi za ruksa. Hakuna aliyeuliza.

Basi. Sasa filamu zilikuwa hapa, na Dorkasi alikuwa hapa, na komeo lilikuwa nje.

Alimfungua mzee kamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa." Mzee aliongeza salamu hiyo ya Kigogo, akijipapasa mikono. "Mimi Filipo. Mwendesha mashine wa gari la sinema, miaka ishirini na mbili. Nilisikia wanazibeba filamu zangu, nikapanda nazo. Nikamwambia yule kijana dereva, Petro, mzigo huu hauendi bila mimi. Akasema haya, usiende bila wewe. Akanifunga."

"Uliendesha mashine Buigiri?"

"Buigiri? Wale watoto wasioona? Nani atawasahau! Nikipunguza sauti kidogo wananizomea." Alimkazia macho kwenye ule mwanga wa misumari. "Kulikuwa na kitoto cha kike pale. Kinasimulia mpaka mate yanakauka."

"Ndiyo mimi."

Mzee alicheka kimya kimya, mabega yanatikisika. Kisha akaacha.

"Ulikuwa unaongeza chumvi," alisema.

Motorola ilikoroma kwa mara ya mwisho walipokuwa wanakaribia Zuzu. Milima ikala sauti ya Geofrey. Baada ya hapo ilikuwa kelele tupu, halafu hata kelele hakuna.

Treni ikasimama.

Walisimama Zuzu saa nzima kupisha treni ya mafuta. Ukitaka kujua maana ya bati, kaa ndani yake jua la saa nne likiwa juu. Dorkasi alivua koti. Mzee alikuwa na dumu la maji la lita tano, wakanywa kwa kizibo. Dorkasi akajaribu sakafu: mbao nene za mninga, zimekazwa kwa boliti. Kwenye vifaa vya sinema alichukua mguu wa chuma wa stendi ya spika akapekecha ubao mmoja karibu na mlango mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Ubao haukutoa hata unyuzi.

Na nje, mkono mmoja tu kutoka shavuni pake, dunia iliendelea. Kuku walilia. Wanawake walitembeza karanga. Mzee Filipo akakohoa.

"He! Nani yumo humo?" mama mmoja aliuliza.

"Ng'ombe," alijibu Petro, ile sauti ya mlangoni.

"Ng'ombe gani anakohoa kama babu yangu?"

"Ng'ombe mzee. Wee mama, unauza karanga au unafanya ukaguzi?"

"Mpe maji basi, atakufa. Mtu mwenye huruma hata ng'ombe humpa maji."

"Nimesema ondoka!"

Mdomo wa Browning ulikuwa umerudi kwenye tundu. Dorkasi alimziba mzee mdomo kwa kiganja. Alimsikia mama yule akisonya, malapa yakiburuta kokoto, yakiishia mbali.

Angepaza neno moja tu.

Hakupaza.

Treni ilipong'oka tena, alianza kutafuta. Masanduku tisa. Mabati ya filamu mia moja na zaidi, kila moja na namba ya rangi nyeupe. Tatu. Kumi na saba. Thelathini na tano. Mzee alikaa kwenye projekta yake ya Bell & Howell, nayo imevishwa turubai kama mgonjwa, akimtazama bila kumsaidia.

Arobaini na moja.

Alifungua bati. Akainua utepe kwenye mstari wa jua, akatoa kioo chake cha kukuzia, akaanza kuupitisha kwa vidole. Watu wadogo kama punje walijipanga kwenye vijidirisha. Ngoma. Wanawake na ngoma za muheme. Mheshimiwa mwenye mkasi. Bomba linatema maji. Watoto wanalowa. Sasa upepo unakuja, vitenge vinainuka, sasa kofia...

Kofia haikuja.

Baada ya vitenge ulifuata mkia wa gari la wageni, linaondoka.

Alirudi nyuma. Akapitisha tena, taratibu. Vidole vikagusa kinundu. Kiungo cha gundi. Utepe ulikuwa umekatwa na kuungwa.

Aliuweka utepe magotini.

"Mzee Filipo. Uso haupo."

Mzee aliinama, akasikiliza magurudumu. Taka-taka, taka-taka.

"Mzee. Nani amekata hapa?"

"Filamu za serikali hazikatwi," Filipo alisema, kama anayesoma ubao wa matangazo. "Mwendesha mashine akikata filamu, anakatwa mshahara."

"Mimi sikati mshahara wa mtu. Kuna watu kumi na wanne walikufa. Leo saa tisa aliyewaua atapewa masikio ya kusikiliza serikali nzima. Nimefungiwa humu kwa ajili ya sekunde tatu, na hazipo. Niambie tu, tujue tunakufa kwa ajili ya nini."

Mzee aliligeuzageuza kopo la Blue Band.

"Mashine hii ina jino bovu," alisema mwisho. "Tangu 1978. Ilikuwa inaishika filamu ile pale pale, inachana vitundu vya pembeni. Kila kijiji. Watu wanapiga miluzi. Nikakata kidogo, nikaunga. Kijiji kingine ikachana tena, nikakata tena. Mpaka yule mzungu akaisha. Kanuni ilisema kila kipande kilichokatwa kirudishwe ofisini pamoja na barua ya maelezo. Niliogopa barua. Nikasema nitarudisha vyote siku moja. Ofisi ikafungwa. Nimrudishie nani?"

"Vipande viko wapi?"

Alifungua kopo. Juu kulikuwa na ugoro, umejaa. Akaingiza vidole viwili chini ya ugoro na kuvuta karatasi ya nailoni iliyokunjwa mara nne.

Vipande tisa.

Dorkasi alikiweka cha kwanza kwenye mwanga. Halafu cha pili. Kwenye cha tano, mtu mdogo kuliko ukucha alikuwa anajishika kichwa kwa mikono miwili, uso wazi, nywele zimepeperuka, na sikio la kushoto lina pengo.

Kushoto na kulia vitundu vilichanika. Uso haukuguswa.

"Rudisha kwenye ugoro," alinong'ona.

Bahi. Saa sita mchana.

Walisikia kichwa cha treni kikilisukuma behewa lao kwenye reli ya pembeni, kwenye malundo ya chumvi. Mnyororo ukafunguliwa. Treni ikaenda zake. Ukimya uliobaki ulikuwa mzito kuliko kelele yote ya asubuhi.

Mlango ukafunguka. Mwanga ukawapofusha.

Raine alisimama chini, suti ya kijivu, Browning mkononi. Umri alikuwa ameubeba vizuri. Pembeni yake Petro, kijana mnene mwenye kofia ya dereva, alishika chupa ya soda iliyojaa petroli.

"Rili ya arobaini na moja," Raine alisema.

Dorkasi akampa. Raine alisoma namba, akafungua bati, akavuta mita chache na kuzitazama juani. Aliona ngoma. Aliona bomba. Ikamtosha. Aliutupa utepe wote ndani ya mlango, ukajimwaga kama matumbo.

"Na kwenye kopo kuna nini?"

"Ugoro, bwana," Filipo alisema.

"Petro. Angalia."

Petro alipanda nusu, akafunua kopo. Macho yakamng'aa. "Wa wapi huu, mzee?"

"Kintinku."

"Nipe kidogo."

Alichota. Kidole chake kilizama mpaka pingili ya kwanza. Dorkasi aliutazama mkono wa Browning, kisha koo la Raine, akapima hatua. Tatu. Nyingi mno.

Kidole kilizama mpaka pingili ya pili.

Petro akatoa, akavuta puani, akapiga chafya iliyotingisha behewa.

"Ah! Mkali kama mama mkwe!"

"Upuuzi," Raine alisema. "Mwaga petroli."

"Chupa moja tu kwa yote haya, bosi?"

"Filamu inawaka kama baruti, mjinga wewe. Nimeona jumba la sinema likilipuka Ulaya. Mwaga, washa, na ukimbie kweli kweli." Alimwangalia Dorkasi bila chuki. "Ajali. Joto na filamu kuukuu. Pole."

Petroli kwenye utepe. Kiberiti. Mlango. Komeo.

Nje walisikika wakikimbia, wote wawili, kokoto zikiruka. Injini ya Land Rover iliyokuwa imeachwa hapo tangu jana ikawaka, ikaenda mbali, ikasimama kusubiri mlipuko.

Moto ulipanda mpaka kiunoni. Ukaunguruma. Mzee alianza kusali.

"Mzee, amina baadaye! Turubai!"

Kwa sababu Dorkasi alijua kitu ambacho Raine hakukijua. Filamu za zamani kabisa, zile pana za majumba makubwa, kweli ziliwaka kama baruti. Lakini hizi nyembamba, za milimita kumi na sita, za kubebwa na magari vijijini, zilitengenezwa kwa kitu kingine kabisa. Hazilipuki. Zinakunjamana, zinayeyuka, zinanuka.

Waliloweka turubai kwa maji yaliyobaki, wakalitupa juu ya masanduku kuuzuia moto usiingie ndani. Ule wa mlangoni wakauacha utafune mbao. Moshi mweusi ulijaa kuanzia darini kushuka. Walilala chini, pua kwenye ufa wa mbao, wakinyonya hewa nyembamba yenye vumbi la chumvi. Dakika moja. Tatu. Macho yalitoka machozi, kifua kiliwaka. Dorkasi alihesabu boliti kwa kugusa ili asipoteze fahamu.

Petroli ikaisha. Moto ukainama.

Pale mlangoni, ubao aliouhangaikia asubuhi nzima ulikuwa mweusi, unapumua cheche.

Akauinukia na mguu wa spika. Akapiga.

Kra.

Akapiga tena. Jua likaingia kwa chini.

Mzee alitangulia na kopo. Projekta ilifuata, Dorkasi akiishusha huku ameuma meno. Mwisho alishuka yeye, akiacha kiatu kimoja kwenye makaa. Walitambaa chini ya behewa, upande wa pili, nyuma ya lundo la chumvi. Mbali, Raine alisimama kando ya Land Rover na vidole masikioni.

Alisubiri sana. Akatazama saa. Watu wa stesheni walikuwa wameanza kukimbia na ndoo. Akapanda gari, akaondoka kuelekea Dodoma.

Dorkasi alimwacha aende. Alikuwa anakwenda pale pale alipomtaka.

Bwana stesheni wa Bahi alikuwa na simu moja. Ilipita Dodoma stesheni, ikaunganishwa ofisini kwa Geofrey. Kwenye simu ile ile ya majaribio.

"Shikamoo, mzee," Dorkasi alisema.

Upande wa pili, kijiko kiliacha kugonga kikombe.

"Marahaba, mwanangu," Geofrey alijibu polepole.

"Nimeshindwa. Filamu imeungua yote. Mwache asaini, hatuna kitu. Mimi narudi na basi la jioni."

"Pole sana. Basi tena."

Akakata. Mahali fulani mjini mashine ndogo ilinasa kila neno, na Raine alipofika aliletewa maneno hayo. Wanasema aliagiza kahawa.

Saa saba kasoro robo Dorkasi na Filipo walikuwa juu ya kiberenge cha mafundi wa njia, kile kigari kidogo cha injini kinachokimbia juu ya reli. Upepo uliwachapa uso. Mzee alikuwa na wembe, kichupa cha gundi na vipande tisa. Alikaa kwa kuwapa mgongo upepo, shuka kichwani, akafanya kazi ndani ya shuka kama ndege kwenye kiota. Alikwangua. Akapaka, akaziba vitundu vilivyochanika. Akabana kwa kidole akihesabu mpaka ishirini.

"Punguza mwendo!" alimpigia kelele fundi.

"Usipunguze!" alisema Dorkasi.

"Basi nyoosheni reli!"

Walipopita Zuzu alikuwa amemaliza. Aliongeza utepe mtupu, akaunganisha mwanzo na mwisho. Ukawa mduara.

Saa tisa kasoro dakika mbili, chumba cha mikutano cha wizara. Mapazia mazito, meza ndefu, bendera, chupa za maji. Katibu, Bibi Anjelina, alikuwa ameshafungua kalamu. Raine alikuwa amevaa suti nyingine. Geofrey alikaa karibu na mlango akikoroga chai isiyo na sukari.

Mlango ulifunguka. Akaingia mwanamke mwenye kiatu kimoja, uso mweusi wa masizi, na mzee aliyebeba mashine.

"Samahani, Mheshimiwa Katibu," Dorkasi alisema. "Kuna burudani kidogo. Sekunde tatu."

Geofrey alifunga mlango kwa ufunguo, akautumbukiza ndani ya kikombe chake.

"Funga mapazia," alisema.

Mashine ikaanza kukereza. Kwenye ukuta mweupe upepo ulivuma. Vitenge viliinuka. Kofia ikaruka, na kijana mzungu akageuka kwa ghafla, akajishika kichwa, akatazama chumba kizima kwa macho ya mtu aliyenaswa. Sikio wazi. Halafu weupe. Halafu upepo ukavuma tena, kofia ikaruka, akageuka.

Na tena.

Na tena.

Hakuwa na pa kwenda. Alikuwa amefungiwa humo, mara ya kumi, mara ya kumi na tano, na kila mara kofia ilimtoka.

"Huyu ni nani?" Bibi Anjelina aliuliza.

"Aliitwa Holm," Geofrey alisema. "Zahanati ya milimani, 1976."

Raine alikuwa amesimama. Alijaribu kitasa. Mkono ukaenda kotini, na Dorkasi akauwahi, akauzungusha nyuma ya mgongo. Browning ikaanguka kwenye zulia.

"Mtu yeyote anafanana na mtu yeyote," Raine alisema, shavu mezani. "Hiyo si kesi."

"Nywele, Bwana Raine."

Raine alijaribu kujinasua.

Mzee Filipo aliiacha mashine yake ikizunguka. Alikwenda taratibu, akainama, akazifunua nywele kwa kidole kimoja kama mfugaji anayemkagua mbuzi aliyepotea. Akalitazama sikio. Akautazama ukuta.

"Ndiye," alisema. "Alama ni hii hii."

Dorkasi alivua kile kiatu kimoja, akakiweka juu ya mkataba. Akatoka peku kwenye korido ndefu. Geofrey alimfuata mpaka ngazini.

"Shikamoo, mzee," alisema bila kugeuka.

"Hii ya kweli?"

"Ya kweli."

"Marahaba."

Akashuka ngazi, akanunua karanga za kifungu kimoja, akaelekea kituo cha mabasi ya Buigiri. Kulikuwa na mtu kule anayesubiri kusimuliwa.

Colin Raine alihukumiwa kifungo cha maisha, akafa gerezani kwa ugonjwa wa ini mwaka 2001. Petro alitoa ushahidi, akafungwa miaka minne, sasa ana lori lake mwenyewe. Simu za majaribio zilikusanywa kwenye magunia. Geofrey alistaafu, analima zabibu. Mwalimu Ulimboka alisimuliwa hadithi yote mara mbili, akasema mara ya pili ilikuwa ndefu zaidi; alifariki 1998. Dorkasi alifanya kazi miaka tisa zaidi, kisha akaacha. Filamu zilizopona zilirudishwa ghalani, pungufu moja. Mzee Filipo aliandikiwa barua ya kutakiwa kueleza kwa nini alikata filamu ya serikali bila idhini. Alijibu kwa mistari miwili na kuambatanisha vipande tisa. Behewa lilipigiliwa ubao mpya, likaendelea kubeba chumvi.